Mtu Mzima na Mwanasesere Mmoja

Kitabu ninachotaka tukiongelee safari hii ni cha picha. Kinaitwa This Is Blythe, ni cha mpiga picha Gina Garan wa New York, na kilitoka Marekani mwaka 2000. Karibu kila ukurasa utamkuta mwanasesere yuleyule, au pupe, kama tunavyosema wengine wetu tuliotoka Kongo. Wenzangu wawili niliowaazima walinirudishia siku hiyohiyo. Mmoja akaniuliza: “Sasa huyu dada hana kazi?”

Swali lake si la kucheka. Jibu lake ndilo linaloamua kama kitabu hiki ni sanaa au ni mchezo tu wa watu wenye nafasi.

Huyo Blythe alitengenezwa na kampuni ya Kenner mwaka 1972. Ana kichwa kikubwa kuliko mwili, na macho makubwa mno. Ukivuta kamba iliyo nyuma ya kichwa, macho yanafumba, kisha yanafunguka yakiwa na rangi nyingine. Rangi ziko nne. Hakupendwa. Aliuzwa mwaka mmoja tu, akatoweka madukani. Mwaka 1997 Garan akampata, akaanza kumpiga picha, na kila anaposafiri anambeba.

Hapo ndipo mimi ninaiona kazi. Mkusanyaji hutaka kuwa nao wengi, lakini Garan kwenye picha zake amefanya kama mtu aliyechagua sura moja akakaa nayo. Uso wa plastiki haubadiliki, sivyo? Lakini mtoe juani umpeleke kivulini, au mgeuze shingo kidogo tu: yule uliyedhani anaringa, sasa anaonekana kama amepewa habari mbaya. Kilichobadilika ni mwanga, na jicho lako wewe. Kijana anayejifunza kupiga picha kwa simu atafaidika sana na hilo, na halihitaji umeme wala semina.

Kuna jambo lingine ambalo msomaji wa New York huenda asilione, ila sisi wa kambini tunaliona upesi. Nyuso zetu zimepigwa picha mno. Mgeni akija na kamera, mara nyingi anatafuta uso wenye shida, na mama aliyebeba mtoto anajua hata namna ya kusimama. Mwanasesere hadaiwi chochote. Unaweza kumpiga picha mara mia akiwa na huzuni, na hakuna mtu ambaye uchungu wake umechukuliwa ukawekwa kwenye ripoti. Kwa hiyo namjibu mwenzangu: huyu dada kazi anayo, na ni kazi ambayo haimuumizi mtu.

Lawama pia ninazo. Blythe anahama kutoka mahali hadi mahali, hakuna anayemuuliza kibali, na kila anapofika pale mahali panageuka pazia la nyuma yake. Anapendeza, anaondoka. Ukifunga kitabu unakumbuka macho yake, lakini hukumbuki alikuwa wapi. Halafu kilichofuata kimeniudhi zaidi. Mwaka 2001 kampuni ya Takara ya Japani ilianza kutoa Blythe wapya, toleo baada ya toleo, na wale wa 1972 sasa wananunuliwa kwa mamia ya dola na zaidi. Kitu kilichokuwa kimetupwa kikapendwa na mtu mmoja, soko likaja mbio kukichukua.

Hilo la soko tunalijua hata hapa. Mama mmoja jirani yangu, mwenye wajukuu, ana mwanasesere wa vitambaa vya kitenge, kichwa chake ni gunzi la mahindi. Anamshonea nguo kama zile zilizovaliwa kwenye harusi za kwao, upande wa Fizi: leo ya bibi harusi, mwezi ujao ya shangazi. Majirani walianza kunong'ona kwamba ni uchawi, maana mtu mzima na mwanasesere wapi na wapi. Mnajua maneno ya namna hiyo yanaweza kumfikisha mtu wapi. Baadaye kijana wa ofisi moja akamwona, akafurahi sana, akasema: “Mama, shona hamsini, tutakutafutia soko.” Mama akamjibu: “Mwanangu, huyu si wa kuuza. Huyu ni wa kukumbukia.”

Nikimweka yule wa gunzi kando ya Blythe, kwa macho ninampa Blythe ushindi. Kwa mahali ninampa wa gunzi, tena kwa mbali, kwa sababu kila gauni lake limetoka sehemu fulani na linamjua mtu fulani. Garan angekuwa na kitu cha kujifunza kwake, na yule mama naye angefaidi kuona mwanga unavyoweza kuusemesha uso.

Kwa hiyo kitabu kisomeni, kisha kila mmoja achague chake kimoja, hata kikiwa cha matambara, akae nacho mwaka mzima aone kitamwambia nini. Na ndugu zetu wa mashirika, mkimkuta mtu mzima ameshika kitu kama hicho, bei iacheni kwanza. Muulizeni anaitwa nani.