Usawa wa Mabano na Utata wa Kanuni: Uhakiki wa Sintaksia ya Lugha za Familia ya Lisp

Tangu John McCarthy alipoibuni Lisp mwaka 1958, lugha hiyo imesifiwa kwa usahili wa sintaksia: kila usemi changamano ni orodha iliyofungwa kwa mabano. Uhakiki huu unabainisha kwamba sifa hiyo ni ya umbo, si ya kanuni. Katika Common Lisp, nth hutanguliza nambari ya nafasi kisha orodha, ilhali elt hutanguliza orodha kisha nambari, ingawa dhima zao zinakaribiana. Neno nil nalo hubeba maana mbili: uongo na orodha tupu. Katika Scheme ya sasa, kinyume chake, orodha tupu huhesabiwa kuwa kweli. Katika Clojure, nil ni uongo lakini orodha tupu ni kweli. Hivyo basi, sharti lilelile laweza kuleta matokeo kinzani pasipo onyo lolote kwa mwandishi wa programu. Watetezi hudai kwamba umbo moja hurahisisha uundaji wa makro. Hoja hiyo ina mashiko, lakini haihalalishi ukinzani wa nth na elt. Inahitimishwa kwamba mabano humwonesha msomaji mipaka ya usemi tu. Kanuni zake hana budi kujifunza neno kwa neno.