Kuona kwa Dola, Kujua kwa Mkulima

Mwanazuoni wa Marekani, James C. Scott, aliyefariki mwaka 2024, aliacha kitabu ambacho vijana wanaofanya utafiti juu ya sayansi, teknolojia na utawala baada ya kupata shahada ya udaktari hawakiachi mkononi. Jina lake ni Seeing Like a State, na kwa Kiswahili tungeweza kukiita Kuona Kama Dola. Kilitolewa mwaka 1998 na kampuni ya uchapaji ya Chuo Kikuu cha Yale. Sisi Watanzania kinatuhusu moja kwa moja, maana sura nzima inazungumzia Operesheni Vijiji. Nimekisoma mara mbili kwa makini, na naona ni haki kukipongeza panapostahili na kukipinga panapostahili.

Hoja yake ni hii. Serikali yoyote, ili itoze kodi, iandikishe askari au igawe huduma, hapana budi iwaone watu na ardhi kwa namna iliyorahisishwa: majina kamili, mipaka iliyonyooka, vipimo vya aina moja. Kurahisisha huko kuna faida yake. Hatari huanza pale serikali inapodhani kwamba kilichomo katika daftari lake ndicho kilichomo duniani. Mfano wake wa kwanza ni misitu ya Ujerumani. Kuanzia karne ya 18, maofisa wa misitu wa Prussia na Saxony waliutazama msitu kama ghala la mbao tu. Wakaondoa msitu wa asili wenye miti ya kila namna, wakapanda sprusi peke yake, kwa mistari iliyonyooka kama gwaride. Kizazi cha kwanza cha miti kilistawi sana, kwa kuwa kilikula rutuba iliyowekwa na msitu wa zamani. Kizazi cha pili kikadhoofika.

Ujuzi usioingia katika daftari Scott anauita kwa neno la Kigiriki, metis. Ni ujuzi wa mkono na jicho, upatikanao kwa kutenda, kama wa rubani wa meli anayeijua mikondo ya bandari yake mwenyewe. Anasema maafa makubwa hutokea yanapokutana mambo manne: urahisishaji wa kiutawala, imani iliyopita kiasi katika mipango ya kisasa, dola lililo tayari kulazimisha, na jamii isiyo na uwezo wa kukataa.

Kwa Tanzania anaeleza hivi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba vijiji vya ujamaa vijengwe kwa hiari. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wasiopungua milioni 5 walihamishwa. Nyumba zilipangwa kwa safu, nyingi kandokando ya barabara, na baadhi ya watu walichomewa nyumba zao za zamani ili wasirudi. Scott hamlinganishi Nyerere na Stalin. Anakiri kwamba nia ilikuwa njema, kwamba shule, maji na zahanati vilikuwa sehemu ya shabaha, na kwamba dola lenyewe halikuwa na nguvu nyingi.

Hapo kitabu kimepatia. Mkulima aliyekuwa na shamba moja mbugani na jingine mlimani, akilima hapa au pale kwa kufuata mvua, alipewa kiwanja cha kupendeza mbali na yote mawili. Alipofika shambani baada ya mwendo wa saa mbili, alikuta nyani na nguruwe wamekwisha kuvuna. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliopanga vijiji hawakukilalia kitanda hicho.

Lakini nina hoja mbili dhidi yake.

Ya kwanza ni namna anavyoigawa dunia. Mwanzoni mwa kitabu anatahadharisha kwamba ile imani iliyopita kiasi si sayansi yenyewe, bali inaazima heshima ya sayansi. Tahadhari hiyo ni nzuri sana, ila kadiri kurasa zinavyoendelea inafifia, na msomaji anabaki na kambi mbili: huku mtaalamu na vipimo vyake, kule mkulima na ujuzi wake. Sasa tuutazame Mpango wa Karanga wa Waingereza, ambao Scott mwenyewe anautaja. Ulianza mwaka 1947 ukilenga ekari zaidi ya milioni 3. Uchunguzi wa awali ulifanywa kwa wiki chache tu. Huko Kongwa mvua hazikuaminika, na udongo wa mfinyanzi uligeuka kama saruji wakati wa kiangazi, ukavunja majembe ya matrekta. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na pauni milioni 36 zikawa zimekwenda na maji. Je, hapo sayansi ilizidi? La hasha, ilipungua. Mwanasayansi wa kweli angepanda ekari chache, akangoja misimu kadhaa, ndipo aseme. Ndivyo ilivyokuwa katika vijiji vingi vya mwaka 1974, ambavyo mahali pake palichaguliwa kabla udongo na maji havijapimwa. Amri ilivaa koti la mtaalamu, nasi tukamlaumu mwenye koti.

Hoja ya pili ni sauti. Katika sura hiyo wakulima wa Tanzania hawasemi, wanasemewa, tena kwa kiasi kikubwa na watafiti waliotoka nje. Mtafiti mmoja kijana, mwenye shahada ya udaktari, alinijia akiwa na kitabu hiki na orodha ya maswali. Alitaka nimweleze metis ya wazee wetu. Nikamwambia wazee wetu hawakuwa na metis, walikuwa na mabishano. Huyu alisema mtama upandwe kabla ya mvua, yule akasema baada, na kila mmoja alikuwa na jirani wa kumtolea ushahidi. Ujuzi wa kienyeji nao ni elimu yenye wakubwa na wadogo wake, yenye kukosea na kusahihishwa. Kuusifu bila kuuhoji ni njia nyingine ya kutousikiliza.

Tena kuna jambo ambalo mwalimu wa zama zile hawezi kulinyamazia. Novemba 1974 huko Musoma iliamuliwa kwamba kila mtoto aandikishwe shule ya msingi kufikia mwaka 1977. Bila watu kukaa karibu karibu, jambo hilo lingechukua muda mrefu zaidi. Daftari lile lile lililomtoa bibi kwenye shamba lake ndilo lililomtia mjukuu wake darasani. Simtaki Scott aseme kwamba faida ile ilifuta hasara ile, maana haikuifuta. Namtaka aziandike zote mbili kwa wino wa aina moja.

Mfano ambao ningependa usomwe sambamba na sura yake ni Shinyanga. Wakati wa ukoloni vichaka vingi huko vilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye yakaja mashamba ya pamba, mifugo mingi na uhamishaji wa vijijini, ardhi ikabaki uchi. Wasukuma walikuwa na ngitili, yaani eneo linalofungwa wakati wa masika ili majani yakue, kisha linafunguliwa kiangazi mifugo ipate malisho. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza, ngitili zilizoandikwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mradi ulitegemea vitalu na miche ya kupanda. Baadaye wataalamu walitega sikio, wakaona kwamba ngitili ikilindwa, visiki na mizizi iliyomo ardhini huchipua yenyewe. Sheria za kuzilinda zilipitishwa katika dagashida, baraza la wenyeji. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000.

Hapa mtaalamu hakufukuzwa, wala mzee hakugeuzwa kuwa mtakatifu. Mmoja alileta vipimo, mwingine akaleta kumbukumbu, na kila mmoja alimsahihisha mwenziwe. Hata hivyo haki haikuja yenyewe: waliokuwa na ardhi kubwa walinufaika zaidi kuliko wanyonge. Swali la utawala linabaki hata pale ujuzi wa wenyeji unaposhinda.

Mwishoni mwa kitabu Scott anatoa nasaha nne: piga hatua ndogo, pendelea jambo linaloweza kurekebishwa, tarajia yasiyotarajiwa, na tegemea ubunifu wa watu. Ningezibandika nasaha hizo katika kila ofisi ya mipango. Ila zote zinamwambia mpangaji namna ya kupanga, wala hakuna hata moja inayompa mpangiwa haki ya kuulizwa.

Jambo hili si la kale. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, ikahesabu watu 61,741,120. Setilaiti hupima mashamba bila mpimaji kukanyaga umande. Dola la leo linaona kuliko lile la mwaka 1974 lilivyopata kuota, na mwenye kuona sana hushawishika kwamba hana haja ya kuuliza. Kwa hiyo wanaofundisha vijana somo hili la sayansi na utawala, huko Yale na hapa kwetu, wakisome kitabu hiki pamoja nao, kisha kwa kila mpango wawafundishe kuuliza maswali matatu: nani aliulizwa, aliulizwa kabla au baada ya uamuzi, na jibu lake lilibadilisha nini. Mpango ambao haukubadilishwa na jibu la mtu yeyote haujauliza, hata ukiwa na ramani nzuri kiasi gani.