Utando Chini ya Paa

Utotoni, hapa Tanga, nilijifunza kutega ndege kwa ulimbo. Tulikinga utomvu wa mfenesi, tukaupaka kwenye vijiti na kuviegesha pale tetere wanaposhuka kunywa maji. Ili umnase tetere ilibidi ujue anakunywa wapi, saa ngapi, na anatua kwanza tawi gani kabla hajathubutu kugusa ardhi. Ujuzi huo ninao mpaka leo. Vijiti tu ndivyo nilivyovitupa.

Siku hizi naweka kigae. Ni kitako cha chungu kilichovunjika, maji yake hayazidi vidole viwili kwenda chini, kwa sababu ndege mdogo haogi mahali ambapo miguu yake haigusi chini. Kiko hatua chache kutoka kwenye mkomamanga: karibu kiasi cha kuukimbilia kipanga akipita, mbali kiasi cha kumwona paka aliyejibanza kivulini. Kila asubuhi namwaga maji na kukisugua kigae, maana maji yaliyolala wiki nzima huzaa mbu, na mbu wa dengue hahitaji bwawa. Dakika mbili hizo, zisizokosa hata siku moja, ndizo nusu ya ufundi wote.

Nusu ya pili ni kukaa kimya na kutazama. Kuku hunywa fundo moja akainua kichwa, akanywa tena akainua. Tetere hafanyi hivyo. Huzamisha mdomo na kuvuta maji moja kwa moja hadi atosheke. Nilimtega miaka mingi bila kuliona hilo, kwa kuwa nilikuwa nikiitazama miguu yake tu. Shore naye, mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, huoga kwa vishindo mpaka kigae kinabaki nusu. Dudumizi simwoni mara nyingi, ila namsikia kichakani akiita kama maji yanayomiminika kutoka kwenye chupa ya shingo nyembamba, na wazee bado wanasema anaiita mvua.

Kunguru ndio waliokuwa wakinikera. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka, wakaenea pwani nzima, na hula mayai na makinda ya ndege wengine. Sikuwarushia mawe. Nilifunika pipa la taka, na tangu hapo wengi wao wanapita tu.

Lakini aliyenifundisha zaidi ni chozi. Sisi tumelelewa kwamba ua wa heshima ni ule uliofagiwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana mchangani. Asubuhi moja nilitoka na ufagio wa chelewa niliouunga kwenye mti mrefu, nitoe utando wa buibui chini ya paa. Chozi jike, rangi yake kama jani lililonyauka, alikuwa tayari yuko pale. Alikuwa akipigapiga mabawa palepale hewani, mdomo wake mwembamba umeshika uzi wa utando, anauvuta taratibu hadi ukatike. Akaruka nao hadi kwenye mkomamanga. Akarudi. Nilihesabu safari 11 kabla mikono haijachoka kushika ule mti, nami sikuwa nimefagia kitu.

Utando ule ndio uzi wake wa kushonea. Kwa huo alifunga nyasi kavu, vipande vya magome na manyoya, vikawa kifuko kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi, mlango ubavuni, na juu ya mlango kibaraza kidogo cha kuzuia mvua. Dume wake alikuja kung'aa zambarau kwenye jua na kuimba, lakini kujenga alijenga jike. Makinda walipoanguliwa, yule tuliyezoea kumwita mnywa asali ya maua alikuwa akiwaletea wadudu na buibui walewale waliofuma utando.

Nilikuwa nikijiuliza nimekosa mbegu gani au ua gani la kupanda. Mshubiri niliupanda kweli, na maua yake mekundu wanayapenda, na ua la mgomba halikosi chozi. Hata hivyo kilicholeta kiota ni kitu ambacho sikukiondoa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utakapofagia kesho, fagia uwanja wako uwe mweupe. Utando wa chini ya paa uache.