Mafundi wa Utando wa Mafuta

Wageni wengi wanaofika Bamburi, Mombasa, hufuata msitu, na wana haki. Machimbo ya mawe ya matumbawe yaliyokuwa yameachwa wazi, meupe na makavu, René Haller alianza kuyapanda miti mwaka 1971, mivinje ikashika, na leo ndipo ilipo Haller Park. Hapo ndipo kiboko mdogo Owen, baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipojiegemeza kwa kobe mkongwe aitwaye Mzee, na dunia nzima ikaja kutazama. Mimi nataka kusifu kazi ya upande wa pili wa uzio, isiyopigwa picha: kazi ya mafundi wanaozitayarisha beringi za tanuri la saruji.

Kampuni ya Bamburi ilianzishwa mwaka 1951 na Felix Mandl, na saruji ya kwanza ya Mombasa ikatoka mwaka 1954. Moyo wa kiwanda cha namna hii ni tanuri: bomba la chuma refu, pana la kupita gari ndani yake, limelazwa kwa mteremko mdogo wa asilimia 3 hadi 4. Unga wa mawe ya chokaa na udongo huingia juu, hushuka ukiokwa mpaka nyuzi 1,450 hivi, na chini hutoka klinka. Bomba hilo, pamoja na matofali yaliyotandikwa ndani, lina uzito wa mamia ya tani, na halisimami. Usiku na mchana linazunguka juu ya rola kubwa za chuma. Kila rola ina shafti, na kila ncha ya shafti imelala katika beringi yake.

Kwa desturi beringi hizo hazina gololi. Ndani yake mna bushi iliyokatwa kama mfereji, ya shaba iliyochanganywa na bati. Shafti inakaa juu yake, na kati ya viwili hivyo ni mafuta basi. Tanuri zima linaelea juu ya utando wa mafuta usiofikia unene wa unywele.

Jambo hili liligunduliwa bila kutafutwa. Mwaka 1883, huko Uingereza, Beauchamp Tower alikuwa akipima beringi za ekseli za treni. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie mafuta, lakini shafti ilipozunguka mafuta yakapanda na kumwagika nje kwa tundu lile lile. Akaziba kwa kizibo, kikasukumwa. Akagongomea kipande cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga geji, mshale ukapita paundi 200 kwa inchi mraba, mwisho wa geji yenyewe, ilhali mzigo aliouweka ulikuwa wastani wa paundi 100. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu kilichotokea: shafti inayozunguka huyaburuta mafuta na kuyaingiza penye nafasi inayozidi kuwa finyu, nayo kwa kukosa pa kwenda hujaa nguvu na kuinua mzigo. Miaka kumi baadaye, hapa Mombasa, reli ilianza kutandikwa kutoka Kilindini kupitia Changamwe, na mabehewa yake yalibebwa na beringi za ukoo huo huo.

Dereva wa matatu wa barabara ya Malindi anaijua nguvu hii hata kama hajasikia jina la Reynolds. Akiingia kwenye dimbwi la masika kwa kasi, maji hubanwa chini ya gurudumu, gurudumu huinuka, na usukani huwa mwepesi mkononi. Akipita polepole, mpira huyakata maji na kugusa lami. Kwa dereva kuelea ni hatari. Kwa beringi, hatari ni kugusa.

Na hapa ndipo sifa yangu ilipo. Injini kubwa za kuzalisha umeme katika kituo cha Kipevu huzunguka mara mamia kwa dakika, na kasi hiyo yenyewe hujenga utando mnene. Tanuri la saruji huzunguka mara moja hadi tano tu kwa dakika, na rola zake labda mara tatu au nne ya hapo. Kasi hiyo haisaidii sana. Shafti inayokwenda polepole hivyo, chini ya mzigo mzito hivyo, haipati utando ila umbo la bushi liwe limepatikana barabara. Penye mwendo wa pole, mkono wa fundi ndio unaofanya kazi ambayo mwendo umeshindwa kuifanya.

Mkono huo hufanya nini? Shafti husafishwa mpaka ing'ae, kisha hupakwa rangi ya buluu isiyokauka, nyembamba kiasi cha kuonekana kama kivuli. Bushi hulazwa juu yake, husogezwa kidogo, huinuliwa. Palipoinuka pamepata buluu. Fundi huchukua skrepa, mara nyingi tupa kuukuu iliyonolewa, na kukwangua madoa hayo tu, kwa mikato mifupi, akibadilisha upande kila duru ili michirizi isifuatane. Anafuta, anapaka, analaza, anainua. Mwanzoni buluu iko pembeni au katika ncha moja. Baada ya duru nyingi inaanza kutapakaa katika ukanda wa katikati, mwisho mmoja hadi mwingine, huku kingo zikiachia polepole ili mafuta yapate mlango wa kuingilia.

Asiyejua hudhani lengo ni uso kama kioo. Sivyo. Vibonde vidogo vinavyobaki kati ya madoa ndimo mafuta hujificha tanuri linaposimama, na wakati wa kuanza upya, kabla utando haujajengeka, ndivyo vinavyookoa shaba. Kujua pa kuacha ni ujuzi mgumu kuliko kujua pa kukwangua, na sijaona kitabu kinachoufundisha vizuri.

Baada ya hapo kuna joto. Gamba la tanuri huwaka juu ya beringi hizo, na hewa ya Bamburi haipozi sana. Mafuta yenye mnato wa sentistoki 460 kwenye nyuzi 40 hubaki na 30 hivi kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo hupitishwa maji ya kupoza, na vijiko vilivyofungwa kwenye shafti huchota mafuta chini na kuyamimina juu, kila mzunguko. Fundi hufungua kidirisha na kutazama mafuta yanavyotanda juu ya chuma. Yakitanda sawa, anafunga. Akiona mstari mkavu, anajua mchanga umeingia au rola imekaa upogo.

Wako wanaosema mashine za kisasa zitakata bushi sawasawa na skrepa itabaki kumbukumbu. Siafiki. Mashine hukata duara kamili, lakini shafti iliyobeba tanuri miaka mingi si duara kamili tena: imelika hapa zaidi ya pale, kwa namna yake peke yake. Bushi mpya haina budi kufuata shafti ile ile iliyozeeka, na kipimo chake hakimo katika mchoro wowote. Ndiyo maana ningependa kuona kila kijana anayesomea ufundi mitambo katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa akipewa bushi, buluu na skrepa, na asipewe cheti mpaka shafti kuukuu imkubali.