Nyumbani Kwanza: Uhakiki wa Safari ya Fasihi ya Norwei Ughaibuni

Norwei ina watu takribani milioni 5.5, idadi inayokaribiana na ya wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam. Hata hivyo, waandishi wake wanne wamepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi: Bjørnstjerne Bjørnson mwaka 1903, Knut Hamsun mwaka 1920, Sigrid Undset mwaka 1928 na Jon Fosse mwaka 2023. Hesabu ya namna hii humvuta mtunga sera kwenye hitimisho la haraka, kwamba ipo ofisi fulani jijini Oslo inayojua kuuza fasihi nje, na kwamba lugha nyingine ikianzisha ofisi kama hiyo itavuna vivyo hivyo. Ofisi hiyo ipo kweli. Inaitwa NORLA, ilianzishwa mwaka 1978, na hutoa ruzuku za tafsiri kwa fedha za serikali. Makala haya yanadai kwamba anayeitazama NORLA peke yake ameuona mlango na kuisahau nyumba. Kilichoifikisha fasihi ya Norwei kwa wasomaji wa mbali katika nusu karne iliyopita ni uamuzi wa awali wa kuwalipia wasomaji wa nyumbani, na uamuzi wa awali zaidi wa kutoiua lugha ya wachache kwa jina la umoja.

Ni vyema kuanza na safari isiyokuwa na ofisi yoyote. Henrik Ibsen aliondoka Norwei mwaka 1864, akaishi Italia na Ujerumani kwa jumla ya miaka 27. Kuanzia Brand (1866) tamthilia zake zilichapishwa na Gyldendal ya Copenhagen, kwa kuwa Kinorwei cha maandishi cha wakati huo kilikuwa karibu sawa na Kidenmaki, na soko la vitabu lilikuwa Denmaki. Ni kweli kwamba Bunge la Norwei lilimpa posho ya mwaka kuanzia 1866, lakini posho hiyo ilimlisha mtu, haikukisindikiza kitabu. Et dukkehjem, tamthilia ya Nora, mke anayeiacha nyumba ya mumewe, ilitoka Desemba 1879 kwa nakala 8,000 na kuigizwa kwa mara ya kwanza Copenhagen mwezi huohuo. Ilipofika Ujerumani mwaka 1880, mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuigiza mama anayewaacha watoto wake. Ibsen akaandika kwa mkono wake mwisho mwingine, ambamo Nora anaishiwa nguvu mlangoni pa chumba cha watoto na kubaki. Mwisho huo aliuchukia. Aliuandika kwa sababu kazi yake haikulindwa na sheria ya hakimiliki nchini humo, na kama asingeibadili mwenyewe, mwingine angeibadili vibaya zaidi. Norwei ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1896 tu.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha historia ya tamthilia, ilhali ni somo la sera. Kazi inaweza kuvuka mpaka kwa nguvu zake yenyewe, lakini ikifika ng'ambo bila sheria wala taasisi nyuma yake, mwenyeji huikata apendavyo. Wakati mwingine ukataji huo huzaa matunda. Jarida la Kichina la Vijana Wapya lilitoa toleo maalumu kuhusu Ibsen mwaka 1918, Nora akiwa amefika huko kupitia Kiingereza, na mwaka 1923 Lu Xun alitoa mhadhara mashuhuri mjini Beijing akihoji nini humpata Nora baada ya kuondoka. Hakuna ruzuku ya Oslo iliyonunua mhadhara huo, na hakuna ruzuku ambayo ingeweza. Anayedai kuwa fedha za serikali ndizo chanzo cha kila mafanikio ya fasihi ya Norwei hana budi kwanza kumjibu Lu Xun.

Karne ya ishirini ilileta utaratibu mwingine kabisa. Mwaka 1965 Norwei iliunda mfuko wa utamaduni, na pamoja nao mpango wa ununuzi wa vitabu unaosimamiwa na Baraza la Utamaduni. Utendaji wake ni rahisi kueleza. Mchapishaji hutoa riwaya, diwani, tamthilia au hadithi fupi mpya ya Kinorwei. Kitabu kikishatoka, jopo hukitathmini, na kikifaulu serikali hununua nakala (hapo mwanzo 1,000 kwa kitabu cha watu wazima) na kuzisambaza katika maktaba za umma nchi nzima. Mwandishi hulipwa mrabaha wake kwa nakala hizo. Kwa nchi yenye wasomaji wachache, nakala 1,000 za mashairi zilizokwisha kununuliwa ni tofauti kati ya mchapishaji anayethubutu na mchapishaji anayefunga duka. Juu ya hayo, vitabu vilivyochapwa vimesamehewa kodi ya ongezeko la thamani.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni mahali pa mchujo. Jopo halimwambii mwandishi aandike nini, wala halisubiri mswada ili uupitishe. Hukisoma kitabu ambacho mchapishaji amekwisha kukiamini. Hatari inabaki kwa mchapishaji, lakini imepunguzwa kiasi cha kuvumilika. Mpango huu unaweza kulaumiwa kwamba hubeba vitabu vingi vya wastani, na lawama hiyo ina ukweli. Lakini jibu lake lipo katika maisha ya uandishi ya Fosse.

Fosse, aliyezaliwa mwaka 1959, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Raudt, svart, mwaka 1983. Tamthilia yake Nokon kjem til å komme iliigizwa kwa mara ya kwanza Oslo mwaka 1996. Ni baada ya Claude Régy kuiongoza jukwaani Nanterre, Ufaransa, mwaka 1999, ndipo kumbi za Ulaya zilipomfungulia milango. Kati ya 1983 na 1999 kuna miaka 16, na katika miaka hiyo aliandika riwaya, mashairi, insha na vitabu vya watoto kwa mtindo usiobembeleza soko hata kidogo: sentensi zinazorudiarudia, wahusika wasio na majina, vituo virefu vya ukimya. Mwandishi wa aina hiyo katika soko tupu hufika kitabu cha pili, pengine cha tatu. Mfumo ulioweza kuvivumilia vitabu vya wastani ndio huohuo uliomvumilia yeye kabla hajajulikana.

Zaidi ya hayo, Fosse huandika kwa Nynorsk, mojawapo ya maandishi mawili rasmi ya Kinorwei, yanayotumiwa na kati ya asilimia 10 na 15 ya wananchi. Nynorsk ilijengwa na Ivar Aasen (1813–1896) kutokana na lahaja alizozikusanya vijijini, na mwaka 1885 Bunge liliipa hadhi sawa na maandishi yaliyotokana na Kidenmaki. Hadhi hiyo haikuachwa hewani. Ilizungukwa na taasisi: shirika la uchapishaji la Samlaget, lililoanzishwa mwaka 1868 na ambalo ndilo mchapishaji wa Fosse, ukumbi wa Det Norske Teatret jijini Oslo, ulioanzishwa mwaka 1912, ambao huigiza kwa Nynorsk, shule, na masharti ya kiwango cha chini cha Nynorsk katika utangazaji wa umma. Mshindi wa Nobeli wa mwaka 2023 alitoka, kwa hiyo, ndani ya wachache wa taifa dogo. Hoja kwamba lugha lazima ijipunguze kuwa sura moja ili isikike duniani haipati ushahidi Norwei.

Hata hivyo, kuna kinachopotea njiani, na wanaosherehekea mafanikio haya hukisahau. Katika Nokon kjem til å komme, mwanamume na mwanamke wanahamia nyumba kuukuu kando ya bahari ili wawe peke yao, huku wakiandamwa na hisia kwamba mtu atakuja, naye anakuja. Mtazamaji wa Oslo husikia pamoja na hofu hiyo sauti ya pwani ya magharibi, na chaguo la kiisimu ambalo kwake ni la kisiasa. Mtazamaji wa Nanterre husikia Kifaransa. Kwake wahusika hao hawana nchi, na Fosse huwa mwandishi wa upweke wa binadamu popote alipo. Usomaji huo si wa makosa, lakini ni usomaji uliolipiwa kwa kufuta Nynorsk. Wafasiri wenyewe wanaijua gharama hiyo. Damion Searls, mfasiri wa Kiingereza wa Septologien, riwaya isiyo na nukta, alikutana na Fosse kwanza kwa Kijerumani, kisha akajifunza Kinorwei ili aweze kumfasiri. Ujerumani iliutangulia ulimwengu wa Kiingereza vivyo hivyo kwa Sofies verden ya Jostein Gaarder (1991): Kijerumani mwaka 1993, Kiingereza mwaka 1994.

Hapa ndipo nafasi ya NORLA inapoweza kupimwa kwa haki. Anayeomba ruzuku ni mchapishaji wa nje, akiwa amekwisha kupata haki za kitabu na mfasiri. Utaratibu huu una busara yake, kwa sababu kitabu kinachotakwa na mwenyeji huwa na wa kukipigania. Lakini una kasoro ya wazi: fedha hufuata nguvu ya wachapishaji waliopo. Norwei ilipokuwa mgeni rasmi wa maonyesho ya vitabu ya Frankfurt mwaka 2019, kaulimbiu yake ilitokana na shairi la Olav H. Hauge, mkulima wa matunda wa Ulvik aliyeandika kwa Nynorsk. Uteuzi ulikuwa mzuri. Jukwaa, hata hivyo, lilikuwa la soko lililokwisha kushiba. Lugha isiyo na wachapishaji wanaoweza kusubiri faida ya riwaya iliyofasiriwa haiingii katika ramani hiyo, hata kama ina wasemaji mara nyingi zaidi ya Kinorwei.

Kiswahili kimo katika hali hiyo. Wachapishaji wake wengi huishi kwa vitabu vya kiada, na kazi ya kubuni huingia kwa mgongo wa silabasi. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, baada ya Nobeli ya 2021, ilhali riwaya yenyewe ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Tuzo zipo, ikiwamo Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na zimefanya kazi ya kuheshimika. Lakini tuzo huchagua wachache na kuwaacha wengine walipokuwa. Haiwezi kumbeba mwandishi kwa miaka 16. Tena, Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyoandikwa kwa Kimvita na kupata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, ilionyesha mapema kwamba lahaja iliyoachwa kando na usanifishaji inaweza kubeba ushairi mkubwa. Hakukuwa na Samlaget ya Kimvita kuifuatisha na ya pili.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikitaka kuiga jambo moja kutoka Norwei, liwe lile la 1965. Nchi wanachama zikubaliane idadi ya nakala, hata 500, za kila kitabu kipya cha kubuni cha Kiswahili kitakachofaulu mchujo baada ya kuchapishwa, kiwe kimeandikwa Mombasa, Bujumbura au Bukavu, kwa Kiswahili sanifu au kwa lahaja. Nakala hizo zipelekwe katika maktaba za umma za nchi zote, na jopo la mchujo liwe na msomaji kutoka kila nchi. Ofisi ya kuuza nje inaweza kusubiri.