Neno, Kungoja na Kuvunjika Moyo: Uchovu wa Habari Miongoni mwa Raia wa Kawaida Wakati wa Vita katika Tamthiliya ya Kinjeketile

Ikisiri

Makala hii inahakiki tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) kwa kuchunguza namna raia wa kawaida wanavyozipokea, wanavyozichoka na wanavyozihukumu habari za vita. Uhakiki uliozoeleka umeitazama tamthiliya hii kama kazi kuhusu umoja, uongozi na nguvu ya itikadi. Makala haipingi usomaji huo, bali inadai kwamba umewaacha pembeni wapokezi wa neno, yaani watu wenye njaa, wanaongoja na wanaoshuku. Hoja kuu ni kwamba katika Kinjeketile kuchoka habari si sawa na kuikana haki inayopiganiwa. Raia huondoa imani yao kwa sauti inayosema huku wakibaki na madai yao. Tofauti hiyo ndiyo inayoutegua mwisho wa tamthiliya.

1.0 Utangulizi

Vita vya Maji Maji (1905–1907) vilipiganwa katika eneo kubwa la kusini mwa Tanganyika dhidi ya utawala wa Wajerumani. Miongoni mwa vyanzo vyake vya karibu ni mpango wa kilimo cha pamba cha lazima ulioanza mwaka 1902, uliowatoa watu katika mashamba yao ya chakula na kuwalipa ujira usiotosha kitu. Mnamo Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na kitendo hicho kikawa tangazo la vita. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 na kufikia 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa iliyofuata baada ya majeshi ya serikali kuchoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula.

Hussein aliitunga Kinjeketile miaka michache baada ya uhuru na Azimio la Arusha, wakati ambapo neno la kisiasa lilikuwa na uzito mkubwa nchini. Pengine ndiyo sababu wahakiki wengi, pamoja na walimu wanaoifundisha shuleni, wameisoma kama funzo la umoja wa kitaifa. Katika usomaji huo, mashujaa ni wanaoamini na wenye kasoro ni wanaoshuku. Makala hii inaona kwamba mgawanyo huo hauungwi mkono na matini yenyewe. Watu wanaoshuku katika tamthiliya ndio hao hao wanaokwenda vitani, naye mwenye shaka kubwa kuliko wote ndiye aliyelizaa neno.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Makala inatumia dhana ya upeo wa matarajio kutoka katika nadharia ya upokezi iliyoasisiwa na Hans Robert Jauss. Kwa kawaida dhana hiyo hutumika kueleza jinsi wasomaji wa kipindi fulani wanavyoipokea kazi ya fasihi. Hapa inahamishiwa ndani ya kazi yenyewe, na wapokezi wanaochunguzwa ni wahusika, huku matini wanayoipokea ikiwa ni habari ya maji. Kuvunjika moyo kisiasa kunachukuliwa kuwa hali inayotokea pale upeo huo unapobomoka bila upeo mwingine kujengwa mahali pake.

Uchovu wa habari, kwa maana inayotumika hapa, ni hali ya mtu kuacha kuzitafuta, kuzisikiliza au kuziamini taarifa. Haachi kwa kuwa hazimhusu. Anaacha kwa kuwa zinamhusu mno huku zisimwachie nafasi ya kutenda. Kwa ufafanuzi huo, uchovu unatofautiana na ujinga, uoga na usaliti, mambo matatu ambayo huchanganywa nao kwa urahisi.

3.0 Njaa na Tetesi

Tamthiliya haianzi na mtume wala askari. Inaanza na wanawake, Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile, katika hali ya njaa na wasiwasi. Waume wanalazimishwa kufanya kazi katika shamba la Bwana Kinoo na nyumba zimekosa chakula. Wakati huohuo, kujitenga kwa Kinjeketile ndani ya nyumba yake kunazaa maswali na minong'ono. Mpangilio huu una maana kubwa kihakiki. Mtazamaji anaonyeshwa tumbo kabla ya kuonyeshwa neno, na kwa hiyo kila habari inayofuata inapimwa kwa kipimo cha tumbo.

Waswahili husema, lisemwalo lipo, na kama halipo, linakuja. Methali hii inaeleza vyema uchumi wa habari katika jamii isiyo na chombo chake cha habari. Katika miaka hiyo gazeti la Kiongozi lilikuwa likichapishwa Tanga chini ya mamlaka ya Kijerumani. Kwa mkulima wa Matumbi au Rufiji, taarifa iliyomhusu ilipita mdomoni. Kumbukumbu za Maji Maji zilizochapishwa na Gwassa na Iliffe mwaka 1968 zinaitaja njwiywila, yaani mnong'ono wa siri uliosambaza habari za maji na za vita vinavyokuja kutoka mtu hadi mtu. Usiri huo ulikuwa ngao, kwa sababu mtawala hakuweza kuusoma. Ulikuwa pia udhaifu, kwani aliyenong'onezwa hakuwa na namna ya kumuuliza aliyelianzisha neno.

Hussein anaufanya udhaifu huo kuwa msingi wa mgogoro. Kabla ya maji, watu wa makabila mbalimbali wanatazamana kwa shaka, kila upande ukihofia kwamba mwingine atauza siri. Kuvunjika moyo kisiasa hapa kumetangulia vita. Watu wanajua kwamba wanaonewa na hawahitaji habari ya kuwafahamisha hilo. Wanachokosa ni habari inayoweza kugeuzwa kuwa tendo.

4.0 Neno kama Habari

Kinjeketile anapovutwa na Hongo hadi mtoni na kutoweka majini, umati unabaki ukingoni ukingoja. Anapoibuka siku inayofuata, analeta habari kamili, yenye mtoaji, ushahidi na ahadi. Mtoaji ni nguvu iliyo juu ya mwanadamu, ushahidi ni mwili uliorudi salama kutoka chini ya maji, na ahadi ni kwamba maji yatawakinga dhidi ya risasi na kuwafanya kuwa wamoja. Kwa mara ya kwanza watu wanapata taarifa inayowafungulia mlango wa kutenda, na uchovu wao wa awali unaondoka kwa ghafla.

Hata hivyo, habari hiyo ina sehemu ya pili, kwamba baada ya ushindi watakuwa watoto wa Seyyid Said. Sehemu hii haiushughulishi umati. Ni Kinjeketile mwenyewe anayeitafakari na kutishika, kwa kuwa inamaanisha kutoka katika utawala mmoja na kuingia katika mwingine. Dhana ya upeo wa matarajio inaeleza tofauti hii ya upokezi. Watu wamesikia kile ambacho njaa na mateso vimewaandaa kukisikia, na kilichobaki kimepita bila kushikwa. Si kwamba wamedanganywa moja kwa moja. Wamekamilisha habari wenyewe.

Hapa ndipo kauli maarufu ya Kinjeketile, kwamba mtu huzaa neno na neno hilo hukua hadi likamshinda nguvu aliyelizaa, inapopata maana ya ziada. Imesomwa mara nyingi kama kauli kuhusu itikadi. Kwa mtazamo wa upokezi, ni kauli pia kuhusu umiliki wa habari. Neno limeshinda nguvu za mzazi wake kwa sababu maelfu ya wapokezi wameliongezea mahitaji yao.

5.0 Kungoja kama Chanzo cha Uchovu

Baada ya kutambua mkanganyiko uliomo katika ujumbe wake, Kinjeketile anajaribu kuchelewesha vita. Anataka watu wangoje. Uhakiki unaomtetea humwona kama kiongozi mwenye busara, na busara hiyo ipo. Lakini matini inatutaka tumtazame pia kutoka upande wa anayengoja. Subira huvuta heri, lakini ngojangoja huumiza matumbo. Methali hizi mbili zinakabiliana katika sehemu hii ya tamthiliya, na kwa watu walioanza kwa njaa, ya pili si tamathali ya usemi.

Kungoja kunageuza habari kuwa mzigo. Kila siku neno linarudiwa, na kila siku halizai kitu. Watu wanaanza kumshuku aliyewapa tumaini, kisha wanakwenda kupigana bila ridhaa yake. Tendo hili ni muhimu kwa hoja ya makala. Kama uchovu wa habari ungekuwa sawa na kutojali, matokeo yake yangekuwa kurudi nyumbani. Katika Kinjeketile matokeo yake ni kinyume. Waliochoka kuambiwa wanaamua kutenda, tena wanatenda kwa haraka kuliko busara inavyoruhusu. Uchovu haujawatoa katika siasa, bali umewatoa katika utii.

Kwa hiyo si sahihi kuiweka lawama ya maafa upande mmoja, kwa maana ya umati wenye papara au kiongozi mwenye kusitasita. Hussein anaonyesha uhusiano uliovunjika baina ya pande mbili. Kiongozi anajua jambo ambalo hawezi kulisema bila kuubomoa umoja, nao wananchi wanadai jambo ambalo hawezi kuwapa bila kuwapeleka mautini. Ukimya wake, hata ukiwa na nia njema, unapokewa kama usaliti, kwa kuwa wakati wa vita ukimya nao ni habari.

6.0 Baada ya Kushindwa

Kihistoria, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, majuma kadhaa kabla ya shambulio kubwa la boma la Mahenge la tarehe 30 Agosti, ambapo bunduki za rashasha ziliwaangamiza wapiganaji. Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa jukwaani si nakala ya mtu wa kihistoria. Wahakiki wameitaja tahadhari hiyo mara kwa mara, lakini tofauti ya muda wa kifo haijapewa uzito unaostahili. Katika tamthiliya, Kinjeketile anaachwa aishi hadi ashuhudie kushindwa. Historia ilimwondoa kabla ya neno lake kujaribiwa, lakini mtunzi anamrudisha ili aliyelizaa neno akutane na waliovunjwa moyo nalo.

Uamuzi huo wa kisanaa ndio unaoifanya tamthiliya kuwa kazi kuhusu kuvunjika moyo na si kumbukumbu ya ushujaa peke yake. Kitunda, aliyewaongoza wapiganaji, ameona kwamba maji hayakuzuia risasi. Yeye ni sauti ya raia aliyejaribu habari kwa mwili wake na kuikuta si kweli. Shaka yake haiwezi kuitwa uoga, kwa kuwa inatoka vitani na haikimbii vita.

Watekaji wanamtaka Kinjeketile akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Kukataa huku kumesomwa kama uthabiti wa imani, lakini usomaji huo unakwama mahali pamoja, kwa kuwa Kinjeketile hathibitishi kwamba maji yalikuwa kweli. Anachokataa ni kuwakabidhi Wajerumani habari mpya. Akikiri, kesho watoto wataambiwa kwamba wazee wao walipigania uongo, na kosa la maji litageuzwa kuwa kosa la kudai haki. Kwa maneno mengine, anatenganisha mambo mawili ambayo mtawala anataka yaunganishwe, yaani kushindwa kwa ahadi na ubatili wa madai. Watu wanayo haki ya kuichoka ahadi. Mtawala hana haki ya kuutumia uchovu huo kama ushahidi dhidi yao.

Historia ya baadaye inaipa nguvu tafsiri hii. Mnamo Desemba 1956, Julius Nyerere alipozungumza mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa, aliwataja watu wa Maji Maji kama waliopigana kwa sababu hawakukubali haki ya mgeni kuwatawala. Katika kumbukumbu hiyo maji hayakuwa na kazi tena. Kilichorithiwa ni madai.

7.0 Mipaka ya Tamthiliya

Pamoja na uzito wake, Kinjeketile ina upungufu katika suala hili. Wanawake wanaofungua tamthiliya, ambao ndio waliotupa kipimo cha njaa, hawapewi tena nafasi ya kuongoza mazungumzo vita vinapopamba moto. Tunaona kuvunjika moyo kwa kamanda na kwa mtume, lakini hatuoni vya kutosha kuvunjika moyo kwa waliobaki vijijini wakingoja habari za waume na wana wao. Vilevile njaa ya baada ya vita, iliyoua wengi kuliko risasi, imebaki nje ya jukwaa. Kwa kuufunga msuko gerezani, mtunzi amempa neno la mwisho mwanamume mwenye neno, ilhali aliyeulipia ushindwe huo kwa muda mrefu zaidi ni raia asiye na la kusema. Upungufu huu hauitengui hoja kuu, lakini unaonyesha kwamba tamthiliya inaelewa vizuri zaidi uchovu wa wanaopigana kuliko uchovu wa wanaosubiri.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba raia wa kawaida katika Kinjeketile wanapita katika hatua tatu za upokezi: shaka kabla ya neno, uchovu wa kungoja neno litimie, na kuvunjika moyo baada ya neno kushindwa. Katika hatua zote hizo hawaachi kudai kilichowafanya wasikilize tangu mwanzo, nacho ni kuishi bila kulimishwa kwa lazima na bila njaa. Hivyo basi, usomaji unaowagawa wahusika katika waaminio na wasaliti unastahili kurekebishwa. Mwenye shaka katika tamthiliya hii ni mhakiki wa habari anayetumia kipimo cha pekee alichonacho, ambacho ni maisha yake.

Makala inapendekeza kwamba tafiti zijazo zichunguze upokezi wa habari za vita katika kazi nyingine za Kiswahili, hasa kwa kuzingatia wahusika wanawake na wale wasioshika silaha. Inapendekeza pia kwamba ufundishaji wa Kinjeketile uongeze swali moja juu ya yale yaliyozoeleka. Baada ya kuuliza kiongozi alisema nini, mwanafunzi aulizwe pia waliomsikiliza walikuwa wamekula nini siku hiyo.