Mezani Hakuna Bwana Msa: Ufundi wa Mchezo Mfupi wa Mauaji

Chukua watu watano, mmoja wao apewe kwa siri kazi ya muuaji. Mchana wote wanajadiliana na kupiga kura ya kumtoa mtu mmoja. Usiku, wote wakiwa wamefumba macho, muuaji naye anamtoa mmoja. Akitolewa yeye, raia wameshinda. Akibaki yeye na raia mmoja, kashinda yeye. Kama hakuna anayejua lolote na kura zinapigwa kwa kubahatisha tu, raia wana nafasi 7 kati ya 15, karibu asilimia 47. Sasa mkaribishe mtu wa sita asiye na hatia. Ungedhani raia wameongezewa nguvu, kumbe nafasi yao imeshuka hadi asilimia 37.5.

Siri iko kwenye shufwa na witiri. Watu watano wanapata kura mbili: ya kwanza wakiwa 5, ya pili wakiwa 3. Watu sita nao wanapata kura mbili vilevile, ila wakiwa 6 na kisha 4. Kura hazikuongezeka, walioongezeka ni washukiwa. Ndiyo maana mchezeshaji mzoefu akikuta idadi ni shufwa huanza na usiku, au humpa mmoja wao kazi ya kuchezesha. Njia hiyo ya pili naipenda zaidi, maana anayeuawa usiku wa kwanza hana raha: amekuja kucheza, ametolewa kabla hajafungua mdomo.

Mchezo wenyewe unaitwa Mafia. Aliyeubuni ni Dimitry Davidoff, mwaka 1986, akiwa mwanafunzi wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Moscow. Ulianza madarasani na mabwenini, ukavuka mipaka, na mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin akaubadilisha sura tu: mafia wakawa watu wanaogeuka mbwa mwitu usiku. Hesabu yake ilibaki ileile.

Kinachonivutia kwa Davidoff ni alichokiondoa. Hakuna kisu, hakuna nyayo, hakuna wosia uliochanwa nusu. Wapo wachache wanaojua na wengi wasiojua, basi. Ushahidi wote ni nani kasema nini, nani kampigia nani kura, nani kanyamaza wakati wengine wanapayuka. Kwa hiyo hakuna kidokezo kinachoweza kupotea, na mchezo unakwisha ndani ya saa moja kwa gharama ya karata chache.

Anayetaka kuuchezesha aangalie idadi ya wauaji kabla ya kitu kingine. Kwa watu saba, muuaji mmoja na kura za kubahatisha, raia wana asilimia 54. Wakiwa wauaji wawili, raia wanaporomoka hadi asilimia 23. Mwaka 2008 Mark Braverman, Omid Etesami na Elchanan Mossel walichapisha utafiti wa kihisabati kuhusu mchezo huu. Walionyesha kwamba kwenye kundi kubwa lisilo na mpelelezi, yaani raia anayeruhusiwa kumchunguza mtu usiku, wauaji wanaokaribia kiwango cha kipeuo cha pili cha wachezaji wote wanatosha kushindana na raia kwa nafasi zinazolingana. Akiwepo mpelelezi, wauaji wanahitaji kuwa sehemu maalumu ya kundi zima. Hiyo ni hesabu ya makundi makubwa, isigeuzwe kipimo cha sebuleni. Kwa saba, mmoja anatosha. Ukiweka wawili, mpe raia mmoja uwezo wa kumchunguza mtu mmoja kila usiku, la sivyo umewachinja.

Lakini wengi wakikuomba mchezo wa mauaji hawaombi hesabu hii. Wanataka maiti yenye jina, nyumba yenye vyumba, ugomvi wa mali, na wao wenyewe wawe watu wengine kwa jioni moja. Tamaa hiyo ni ya zamani. Anthony Pratt wa Birmingham, aliyebuni mchezo wa ubao wa Cluedo, aliukumbuka mchezo wa mauaji uliokuwa ukichezwa kwenye karamu za vijana Uingereza kabla ya Vita vya Pili. Aliomba hataza mwaka 1944, na kampuni ya Waddingtons ikautoa sokoni mwaka 1949. Washukiwa 6, silaha 6, vyumba 9: majibu 324, unayafuta moja baada ya jingine mpaka libaki moja. Mchezo mzuri, ila hauna uigizaji. Hakuna anayekukazia macho na kukudanganya.

Ukirudisha hadithi, vidokezo vinarudi, na balaa linarudi navyo. Wasomaji wa riwaya za Muhammed Said Abdulla wanamjua mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake. Mwandishi ndiye anayeamua kwamba Bwana Msa ataokota kile kipande cha karatasi, na ataelewa maana yake, huku mwenzake Najum akishangaa. Mezani hakuna Bwana Msa. Kuna akina Najum watano, wamekula pilau wameshiba, wawili wanachungulia simu.

Hebu tupime. Tuseme fumbo lako linahitaji wachezaji wafikie mahitimisho manne, moja likiegemea jingine, na kila moja lina kidokezo kimoja. Tuwe wakarimu: kila kidokezo kina nafasi asilimia 70 ya kuonwa na kueleweka. Nafasi ya kundi kufika mwisho ni asilimia 24. Kila hitimisho likiwa na vidokezo vitatu badala ya kimoja, kwa nafasi ileile ya asilimia 70, kundi linafika mwisho kwa karibu asilimia 90. Watu wenyewe ni walewale, hawakupata akili mpya.

Kanuni hii ya vidokezo vitatu iliandikwa waziwazi na Justin Alexander mwaka 2008, na sababu yake ni ya kibinadamu: cha kwanza hawatakiona, cha pili watakipuuza, cha tatu watakielewa vingine. Kabla yake, michezo ya uigizaji ya upelelezi iliteseka kwa tatizo jingine juu ya hilo. Katika Call of Cthulhu ya Sandy Petersen, iliyotoka mwaka 1981, ukitaka kuona kilichofichika unarusha dadu za asilimia. Ukishindwa, hukioni, na kama mchezeshaji hakuweka njia nyingine, hadithi inasimama kama daladala lililoishiwa mafuta. Baadaye Robin D. Laws akaja na mfumo wa GUMSHOE katika The Esoterrorists, akaondoa dadu mahali hapo. Mwenye ujuzi unaofaa akienda mahali panapofaa anapewa kidokezo, kwisha. Hoja yake ilikuwa kwamba utamu wa upelelezi uko kwenye kubishana kidokezo kina maana gani, na kukikosa hakumfurahishi yeyote.

Sasa nionyeshe kwa mfano wa kubuni. Nyumba ya kulala wageni, Bagamoyo. Umeme umekatika saa tatu usiku, umerudi saa nne, na hapo mzee mwenye nyumba amekutwa amekufa chumbani mwake. Wachezaji ni watano: mpishi, dereva, fundi saa anayemdai marehemu, mgeni wa chumba cha juu, na mpwa wa marehemu. Mpwa anasema alizungumza na mjomba wake gizani, saa tatu na nusu, akamwacha mzima. Yeye ndiye muuaji. Uongo wake unavunjika kwa hitimisho moja tu: mzee alikufa kabla umeme haujakatika.

Kidokezo cha kwanza ni kitu. Kando ya kitanda kuna kandili. Chemni yake ni safi, haina hata doa la moshi, na kibiriti kilicho pembeni hakijafunguliwa. Saa nzima ya giza na mtu hakuwasha taa? Cha pili ni ushahidi wa mtu: kila giza likiingia mzee humwita mpishi amletee taa ya pili ya barazani, na usiku ule mpishi alisubiri wito, hakuitwa. Cha tatu kimekatwa vipande viwili. Mgeni wa juu alisikia redio ya chumbani kwa mzee ikilipuka kwa sauti mara umeme uliporudi. Dereva anajua kwamba mzee alikuwa na woga wa kuunguza vyombo, na umeme ukikatika tu alizunguka kuchomoa plagi zote. Mgeni peke yake ana kelele isiyo na maana. Dereva peke yake ana tabia ya mzee mwoga. Wakikutana, wana jambo.

Tazama vilivyopangwa. Vidokezo vitatu vya jambo moja, kila kimoja cha aina yake, hakuna mtu anayeshika viwili. Anayependa vitu ataganda kwenye chemni, na mpenda umbea atakwenda moja kwa moja kwa mpishi. Kile kilichokatwa vipande ndicho kinachowalazimisha watu kuzungumza, na kwa sababu hiyohiyo ndicho dhaifu kuliko vyote, kwa hiyo kimoja cha namna hiyo kinatosha. Waandishi wapya hukata kila kidokezo vipande, kisha wanashangaa kwa nini kundi limekaa kimya. Fundi saa, kwa upande wake, hana kidokezo cha saa ya kifo. Ana madai na hasira, na kwa nusu saa ya kwanza wote watamrukia yeye. Acha wamrukie.

Mpango huu unadai kanuni moja isiyo na mjadala: muuaji peke yake ndiye anayeruhusiwa kusema uongo. Wengine wanaweza kukwepa swali, kunyamaza, kuona aibu, ila wakibanwa waseme kweli. China, ambako michezo ya mauaji yenye vijitabu vya wahusika imekuwa biashara kubwa ya mijini, kanuni hii hutumika mara nyingi, na si kwa sababu ya maadili. Mpishi akiruhusiwa kudanganya kuhusu wito, na mgeni kuhusu redio, katika vidokezo vitatu kimebaki cha kandili tu. Vijitabu hivyo vina faida nyingine ambayo Davidoff hakuwa nayo: hakuna anayetolewa. Aliyekufa alikufa kabla ya mchezo, na walio hai wote wanacheza mpaka mwisho. Hasara ni kwamba kisa kikishachezwa kimekwisha, huwezi kukirudia na watu walewale.

Wapo walioondoa kitu kikubwa zaidi. Jason Cordova, katika Brindlewood Bay, ambapo wachezaji ni bibi wazee wa klabu ya vitabu kwenye mji mdogo wa pwani ya Marekani, alimwondoa muuaji mwenyewe. Hata mchezeshaji hajui nani kaua. Wachezaji wanakusanya vidokezo, wanajenga nadharia, kisha wanarusha dadu mbili, wanajumlisha vidokezo walivyovitumia na kutoa kiwango cha ugumu wa kesi. Wakipata 10 au zaidi, nadharia yao ndiyo kweli. 7 hadi 9 ni kweli yenye matata. Chini ya hapo wamekosea. Kesi ya ugumu 6 na vidokezo 6 inawapa asilimia 58 ya kufika 7. Wakiwa na vidokezo 8, ni asilimia 83. Ni ufundi wa hali ya juu, na kwa mchezeshaji mgeni ni nafuu kubwa, maana hakuna kisa cha kuharibika. Mimi hata hivyo kwa jioni moja ningechagua kijitabu. Kwa Cordova wote mezani ni wapelelezi, na kinachokosekana ni kile watu walichokifuata: jirani yako kakuangalia usoni na anakudanganya.

Jambo ambalo vitabu vya sheria za michezo hii havigusi ni adabu zetu. Weka mezani mjomba, wapwa na shemeji, halafu uone kijana aliyeanza jioni kwa shikamoo atakavyomnyooshea kidole mkubwa wake kwamba ni muuaji. Hatamnyooshea. Atampigia kura binamu, na mjomba akiwa muuaji ameshashinda kwa umri wake. Dawa ni mbili na zote rahisi. Kuanzia maiti inapotajwa, mtu aitwe kwa kazi yake tu, "Bwana Mpishi," "Mama wa Chumba cha Juu," na mchezeshaji awe mkali kwa anayesahau. Na kura iwe ya siri, kwenye karatasi.

Muda ndio unaobaki. Kwa saa moja na nusu, kusoma vijitabu kusizidi dakika kumi, kwa hiyo kijitabu kisizidi ukurasa mmoja na nusu wa maandishi makubwa. Mazungumzo ya kwanza yaende nusu saa bila mchezeshaji kuingilia. Kadi ya kandili asiitafute mtu. Katikati ya mchezo mchezeshaji aitoe mezani mwenyewe, bila sharti na bila kuieleza, hata kama kundi linaendelea vizuri. Kundi lililokwama litaamka, na lililodhani limemaliza kazi kwa fundi saa litarudi kuhesabu upya.

Mwishoni kila mmoja aandike jina la muuaji na sentensi moja ya sababu. Mchezeshaji azisome karatasi zote kwa sauti kabla muuaji hajajitaja. Atakuwepo aliyemtaja mpwa kwa sababu tu hakupenda alivyocheka. Jina ni sahihi, sababu ni bure, na mimi humpa nusu ya ushindi, jambo ambalo kila mara huzua ubishi mkubwa kuliko mauaji yenyewe. Kisha mpwa asimulie usiku wake kwa kinywa chake: aliingia saa ngapi, alitaka nini, na kwa nini aliona gizani ndiko mahali salama pa kuweka mazungumzo yasiyokuwepo. Mchezeshaji atakuwa anawashwa kueleza chemni ilimaanisha nini. Asieleze, kwa sababu mpishi na dereva wameshaanza kuelezana.